Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kwa nini watu wagumu wanapenda manga za mapenzi?

Wengi wanaouliza maswali haya wameshangazwa na mtu wao wa karibu anayesoma manga, yaani hadithi za Kijapani za michoro: mume, kaka, rafiki wa mazoezini, bosi. Wengine wanauliza kwa niaba yao wenyewe, kimyakimya. Majibu ni marefu pale jambo linapostahili urefu, na mafupi pale lisipostahili.

Kweli wapo watu wa aina hiyo?

Wapo, na ni wengi kuliko wanavyojitangaza. Mabaunsa, wanyanyua vyuma, askari, mabondia, madereva wa malori, wachomeleaji, wapiga gitaa wa muziki wa metali wenye tatuu hadi shingoni. Japani kwenyewe jambo hili limezoeleka kiasi cha kugeuzwa kuwa hadithi. Kuanzia 2006 hadi 2012 Aya Kanno alichora Otomen, manga inayomhusu Asuka Masamune, nahodha wa timu ya shule ya kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mianzi. Mbele ya watu Asuka ni dume la mbegu. Akiwa peke yake anashona, anapika vitu vitamu na kusubiri kwa hamu sura mpya ya manga anayoipenda ya mapenzi. Asichokijua ni kwamba mchoraji wa manga hiyo ni mwanafunzi mwenzake wa kiume, anayejificha nyuma ya jina la kike. Hadithi kama hiyo isingedumu kwa juzuu 18 kama wasomaji wasingekuwa na mtu wa aina hiyo wanayemjua.

Tunaposema "manga za mapenzi" tunamaanisha zipi?

Watu wengi wanafikiria shojo, yaani manga zinazochapishwa kwenye majarida ya wasichana. Nakayoshi na Ribon yalianza katikati ya miaka ya 1950, Margaret likaja 1963, Hana to Yume 1974. Hadithi hutoka humo sura kwa sura, kisha zinakusanywa kuwa vitabu vidogo.

Lakini kinachoamua kama manga ni ya shojo ni jarida lililoichapisha. Mapenzi yako kila mahali. Maison Ikkoku ya Rumiko Takahashi, inayomhusu kijana aliyefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu na mjane anayesimamia nyumba aliyopanga, ilitoka kuanzia 1980 hadi 1987 kwenye jarida la wanaume watu wazima. Kwa hiyo mwanaume anayesoma manga za mapenzi mara nyingi anasoma kitu alichoandikiwa yeye kabisa.

Kwa nini mtu mkali avutiwe na wanafunzi wawili wanaoogopa hata kushikana mikono?

Hili ndilo swali lenyewe. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba "kila mtu ana upande laini". Sina ugomvi nalo, ila halielezi kwa nini hasa aina hii ya hadithi, wala kwa nini watu hawa wanaisoma kwa umakini mkubwa kuliko wasomaji wengine wengi.

Mtu mgumu, kazi yake ya kila siku ni kujizuia. Amefundishwa kuwa na kifua: kumeza maneno, kutobadilika uso, kutoonyesha kuwa kimemuuma. Anajua uzito wa neno lisilosemwa kuliko mtu yeyote. Na manga ya mapenzi imejengwa yote juu ya neno lisilosemwa. Juzuu nzima inaweza kupita mhusika akijaribu kusema sentensi moja, akakatizwa, akaghairi, akajaribu tena. Kuna msomaji atakayetupa kitabu pembeni akisema, "Si amwambie tu!" Mtu mgumu hasemi hivyo. Anaelewa kabisa kwa nini haisemeki.

Halafu kuna suala la hofu. Bondia anajua ngumi zinatoka wapi. Amezifanyia mazoezi maelfu ya mara, ana mwamuzi, ana kengele, ana mtu wa kona yake wa kurusha taulo. Kumwambia mtu kwamba unampenda hakuna kengele wala taulo. Katika hadithi nyingine tukio hilo hupewa dakika mbili kisha hadithi inaendelea na milipuko. Manga hizi zinalipatia tukio hilo ukubwa ambao mtu huyu anajua linao. Hazimcheki kijana anayetetemeka mlangoni. Zinamchukulia kama mtu anayefanya jambo la ujasiri, kwa sababu ndivyo ilivyo.

La tatu ni sura. Mtu mwenye mwili mkubwa na uso mgumu amezoea kuhukumiwa kabla hajafungua mdomo: mama anamvuta mtoto karibu, anayekaa naye kwenye basi anasogea, mwalimu anamshuku yeye kwanza. Sasa angalia wahusika wa manga hizi. Katika Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina, iliyotoka kuanzia 2006 hadi 2017, Sawako ni msichana mpole kupita kiasi ambaye shule nzima inamwogopa kwa sababu nywele zake ndefu nyeusi na uso wake usiotabasamu vinawakumbusha mzimu wa sinema. Wanafunzi wanaamini kuwa ukimtazama machoni utapata balaa. Hadithi nzima ni ya mtu anayejifunza kwamba anaweza kueleweka vinginevyo. Nimeona wanaume wenye vifua kama milango wakimzungumzia Sawako kwa sauti ya mtu anayemtetea dada yake.

Na mwisho, kitabu ni mahali salama. Sinema ya mapenzi unaitazama sebuleni, na mtu wa pembeni anakuangalia kama macho yamelowa. Kitabu unakisoma peke yako, kwa mwendo wako, unarudi ukurasa wa nyuma ukitaka, unakifunga ukizidiwa. Kwa mtu ambaye siku nzima ametazamwa, hilo si jambo dogo.

Kuna nini kwenye ukurasa wenyewe?

Chukua ukurasa wa kawaida wa aina hii. Juu kuna fremu pana: jukwaa la stesheni jioni, watu wawili wamesimama, wadogo kabisa, hakuna neno. Chini yake kipande chembamba: ncha za vidole vya mvulana, zimeanza kukunjuka. Pembeni, jicho moja la msichana likitazama chini. Kisha mistari ya fremu inatoweka kabisa, na maneno machache yanaelea kwenye karatasi nyeupe bila kiputo chochote cha maneno. Hayo ni mawazo yake. Hakuna aliyeyasikia isipokuwa wewe. Fremu ya mwisho iko chini kushoto: treni imefika, vidole vimerudi mfukoni.

Hakuna kilichotokea, na kimetokea kila kitu.

Ufundi huu ulikuzwa hasa miaka ya 1970 na wachoraji wanawake waliozaliwa karibu na 1949, wakiwemo Moto Hagio na Keiko Takemiya. Walivunja fremu, wakaweka picha juu ya picha, wakaacha mawazo ya mhusika yatiririke nje ya viputo, wakatumia maua na vivuli vya nyuma kuonyesha hali ya moyo badala ya mahali. Mchoro ukawa unaonyesha ndani na nje ya mtu kwa wakati mmoja: uso mkavu, na kando yake maneno yanayovuja damu.

Fikiria mtu anayesoma miili ya wengine kwa kazi yake. Baunsa anatazama mabega kujua nani anakaribia kuanzisha ugomvi. Mcheza judo anasikiliza mkono wa mpinzani kwenye kola yake. Askari wa doria anaangalia mikono kabla ya uso. Watu hawa wana jicho la vitu vidogo, na hapa wanakutana na hadithi ambayo yote imo katika vitu vidogo. Mimi naamini hii ndiyo sababu inayosahaulika zaidi: wanazipenda kwa sababu wanazisoma vizuri.

Lakini si zilitengenezwa kwa ajili ya wasichana?

Majarida ndiyo, yalilenga wasichana. Waliozichora mwanzoni, hata hivyo, walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa. Osamu Tezuka alianza Ribon no Kishi mwaka 1953 kwenye jarida la wasichana, hadithi ya binti mfalme anayelazimika kuishi kama mwana wa mfalme. Leiji Matsumoto, ambaye baadaye angejulikana kwa maharamia wa anga za juu, alichora manga za wasichana mwanzoni mwa kazi yake. Tetsuya Chiba naye vivyo hivyo. Huyu Chiba ndiye mchoraji wa Ashita no Joe, manga ya ndondi ya 1968 hadi 1973, mojawapo ya hadithi ngumu na chungu kuliko zote zilizowahi kuchorwa kuhusu ulingo. Mkono uliochora macho ya wasichana yaliyojaa machozi ndio uliochora uso wa Joe uliovimba kwa kipigo, na ukimtazama Joe vizuri utaona.

Damu imetembea pande zote mbili. Mitsuru Adachi alifanya kazi kwenye majarida ya wasichana miaka ya 1970, kisha akapeleka ule ukimya na yale mapengo kati ya fremu kwenye jarida la wavulana. Touch, iliyotoka 1981 hadi 1986, kwa juu ni ya besiboli. Ndani ni ya mapacha wawili na msichana wa nyumba ya jirani waliyekua naye, na ya mambo ambayo hakuna kati yao anayeyatamka. Wavulana wa Japani waliisoma kwa mamilioni bila kuona haya, kwa sababu kulikuwa na mpira kwenye jalada.

Ukimwonea mtu haya kwa kusoma manga za mapenzi, basi unamwonea haya kwa kusoma mizizi ya nusu ya manga za kiume anazoruhusiwa kuzipenda.

Je, ndani ya hadithi hizi kuna wahusika wagumu?

Wapo tele, na hawafanani ubora.

Ninayempenda kuliko wote ni Takeo Goda wa Ore Monogatari!!, iliyoandikwa na Kazune Kawahara na kuchorwa na Aruko, 2011 hadi 2016. Takeo ni mwanafunzi mwenye urefu wa takriban mita 2 na uzito wa kilo 120, sura ya sokwe, nguvu za kubeba boriti ya chuma iliyoanguka ili wengine watoke chini yake. Kila msichana ambaye Takeo aliwahi kumpenda alimtaka rafiki yake Sunakawa, mvulana mzuri wa sura. Siku anamwokoa msichana aitwaye Yamato kwenye treni dhidi ya mwanaume anayemshikashika, Takeo anampenda papo hapo, na papo hapo anaamua kwamba lazima Yamato amempenda Sunakawa. Anaanza kuwasaidia wawe pamoja. Hamlaumu mtu, hamchukii rafiki yake, haoni kama kuna kitu anastahili. Kosa lake ni moja tu: hawezi kufikiria kwamba mtu kama yeye anaweza kupendwa. Manga hii ilipata tuzo ya kampuni ya uchapishaji ya Kodansha mwaka 2013, na ilistahili. Ukitaka kumwelewa mtu mgumu uliye naye nyumbani, anzia kwa Takeo.

Kyo wa Fruits Basket ni wa aina nyingine: mwepesi wa hasira, mpenda mapigano, na ukali wake wote unafunika aibu kuhusu alivyo kwa kweli. Msomaji aliyewahi kupiga ukuta ngumi kwa sababu hakuwa na neno la kusema anamtambua mara moja. Katika Horimiya, Miyamura anaficha tatuu chini ya sare ya shule na matundu ya hereni nyuma ya nywele ndefu, na mapenzi yanaanza pale mtu mmoja anapoyaona bila kukimbia.

Kisha kuna wale wabaya. Manga za zamani zina wavulana wababe wanaomsumbua msichana, wanamvuta mkono, wanamtishia, na hadithi inatutaka tuone kuwa huo ni upendo. Hana Yori Dango, iliyoanza 1992, inapendwa sana, lakini mvulana wake mkuu, Domyoji, anaanza kama mnyanyasaji kamili, na kuna kurasa zake ambazo sitampa kijana azisome bila mazungumzo. Wasomaji wagumu ninaowafahamu huwa ndio wa kwanza kulikataa hilo. Wanajua mabavu ni nini, na hawayachanganyi na mapenzi.

Kuna utafiti wowote kuhusu jambo hili?

Kuna wa karibu. Miaka ya 1990 mwanasaikolojia wa Marekani Ronald Levant alitoa hoja kwamba wavulana wengi wanaolelewa kuficha hisia hufikia utu uzima wakiwa hawawezi kuzipa majina. Wanazo, ila wakiulizwa wanajibu "niko sawa" au "nina hasira". Hoja hiyo inaeleza sehemu ya mvuto wa manga hizi: zinaweka hisia kwenye karatasi kwa hatua ndogondogo, na kila hatua ina maneno yake.

Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walichapisha utafiti katika jarida la Science, wakisema kuwa kusoma hadithi za kifasihi kunaongeza kwa muda uwezo wa kutambua mawazo na hisia za wengine. Majaribio ya kuurudia hayakupata matokeo yaleyale kila mara, na haukuhusu manga. Kwa hiyo mtu akikwambia sayansi imethibitisha kwamba manga za mapenzi hulainisha roho, usimkubalie haraka.

Na wanawake wagumu je?

Wapo, na wanabanwa pande mbili. Mwanamke anayeongoza kikosi, anayeendesha mtambo au anayepigana ulingoni anatakiwa awe mkali kuliko wanaume ili aheshimiwe, kisha anaambiwa hana uanamke. Akikutwa na manga ya mapenzi, watu husema, "Kumbe!", kana kwamba amekamatwa.

Hadithi ya kumpa mwanamke huyu imekuwepo tangu 1972. Katika Berusaiyu no Bara ya Riyoko Ikeda, Oscar ni binti wa jenerali wa Ufaransa aliyelelewa kama mtoto wa kiume, akawa kamanda wa walinzi wa malkia kabla ya mapinduzi ya 1789. Anapigana kwa upanga, anaamuru wanaume, na anapenda. Hadithi haimlazimishi kuvua sare ili apendwe. Anayempenda, André, amekuwa ubavuni mwake tangu utoto, akimjua pande zote mbili, askari na mwanamke. Kwa wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba ukali na mapenzi vinaweza kukaa katika mwili mmoja.

Mwanaume akizipenda ina maana ni dhaifu? Au ni shoga?

Kupenda hadithi hakuonyeshi mtu anamtamani nani. Wanaume wa kila namna wanazisoma. Na udhaifu hauonekani kwenye rafu ya vitabu.

Nimekuta mume wangu amezificha. Nimwambie nini?

Usizibebe sebuleni. Usimpigie picha, usiwahadithie mashemeji. Ameficha kwa sababu mahali fulani, zamani, alichekwa, na akicheka pamoja nawe leo haimaanishi hakijamuuma.

Ingia kwa mlango wa hadithi. Soma juzuu moja kimya, halafu umuulize jambo la ndani yake: "Huyu rafiki yake anajua tangu lini?" Ukimuuliza "Kwa nini unasoma vitu hivi?" umemweka kizimbani. Ukimuuliza kuhusu mhusika, umempa nafasi ya kusema mambo yake kupitia mtu mwingine, na watu wa kifua husema mengi kwa njia hiyo. Nawajua waliofanya hivyo wakasikia, kwa mara ya kwanza katika ndoa, mtu akizungumzia woga wa kutopendwa. Alikuwa akimzungumzia Takeo. Usimkatize kumwambia kwamba umeelewa anajisema yeye.

Asipotaka kuongea, mwache asome.

Je, hazimpi mtu matarajio ya uongo kuhusu mapenzi?

Zinaweza. Nyingi zinaishia pale wapendanao wanapokubaliana, na maisha ya pamoja hayaonekani. Nyingine zinafanya kusubiri kwa miaka kuonekane kuzuri kuliko kuuliza leo. Kijana anayejifunza mapenzi kutoka humo peke yake atadhani kuwa mwenzake anapaswa kumsoma mawazo kama yeye anavyoyasoma kwenye ukurasa. Wahusika wenyewe, lakini, huumia kwa kosa hilohilo sura baada ya sura, na msomaji makini huliona. Waliokomaa waende kwenye Maison Ikkoku: kuna kodi ya nyumba, kuna kazi isiyopatikana, kuna mume aliyefariki ambaye bado anapendwa.

Nataka kuanza. Nianze na ipi?

Kama wewe ni mtu wa misuli na vichekesho, Ore Monogatari!!, juzuu 13, inaisha bila kukuchosha. Kama umezoea manga za michezo, Touch, au Chihayafuru ya Yuki Suetsugu, ambayo mashindano yake ya karata za kale za mashairi yanakimbiza moyo kama pambano la kweli. Hiyo ina juzuu 50, jipange. Kama unaogopwa na watu bila sababu, Kimi ni Todoke. Fruits Basket inaanza kwa wepesi na kuishia mahali pazito, kwenye malezi mabaya na watoto walioumizwa, hivyo usiisome wiki ambayo tayari huna nguvu.

Zinasomwa kuanzia upande gani?

Kulia kwenda kushoto. Shika kitabu kana kwamba unakianza mwishoni, anza na fremu ya juu kulia, malizia na ya chini kushoto. Kurasa za kwanza zitakusumbua. Ukifika sura ya pili jicho limeshazoea.